Magharibi ya Saa Tisa

Edmonton, London
Jumapili, 12 Januari 2025

Ndugu yangu Hafidh,

Assalamu alaykum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ijapokuwa ungetaka kujua hali zetu ungeshika simu. Nimekupigia mara kumi na moja tangu mwaka uingie. Ujumbe unausoma, alama mbili za buluu naziona, na mimi nina macho. Basi leo nimechukua karatasi na kalamu, kama alivyokuwa akifanya marehemu Baba likimfika jambo zito. Barua huwezi kuizima.

Mama hajambo. Ametimiza miaka themanini na moja, masikio mazito, ulimi mwepesi vilevile. Ibtisam wangu yuko chuo mwaka wa pili. Bibi yake anamsemesha kwa Kiswahili, yeye anajibu kwa Kiingereza, na hao wawili wanaelewana kuliko mimi na wewe. Shemeji yako Rajab anakusalimu. Bado yuko kule ghalani Barking, anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri.

Haya, nije kwenye shina la maneno. Goti langu la kulia limekwisha. Miaka kumi na saba nawanyanyua wazee wa watu vitandani, na sasa hata ngazi za nyumbani kwangu nazipanda kwa makalio. Hospitali wanataka kuniwekea goti la chuma. Nikishapasuliwa, wiki sita sitamnyanyua Mama, sitamwogesha, sitampandisha juu kulala. Namtaka Mama aje kwako wiki hizo sita. Siombi, Hafidh, nakwambia. Wewe nambie tu mwezi upi, nami niwajibu hospitali.

Na mwenyewe anataka. Kila mwaka ananiuliza, "Nitakwenda lini kwa Hafidh?" Mara moja tu amefika kwako, Julai ile ya 2019, alikwenda kwa wiki mbili akarudi siku ya tatu. Nilipomuuliza akasema baridi imemshinda. Baridi, mwezi wa Julai! Nikanyamaza. Sasa sinyamazi tena.

Nisalimie mkeo Noëlla.

Dada yako,
Ummukulthum


Edinburgh
9 Februari 2025

Dada Ummu,

Wa alaykum salaam. Barua yako imefika. Pole sana kwa goti. Sisi hatujambo, mimi bado naendesha basi, zamu za jioni, na Noëlla bado yuko kwenye nyumba ya wazee, zamu za alfajiri. Tunaonana siku za mapumziko.

Kuhusu Mama, sikatai. Lakini huu si wakati wa mtu mzima kuja huku. Wewe uko London unadhani unaijua baridi. Hapa Desemba na Januari saa tisa na nusu mchana jua linazama, kiza kinaingia, na njia za miguu zina barafu ya kuteleza. Upepo unatoka baharini unaingia mpaka kwenye mifupa. Na sisi tunakaa ghorofa ya tatu, hakuna lifti. Akianguka Mama nitakujibu nini?

Subirini kidogo, hali ya hewa ikae sawa. Aprili labda.

Mdogo wako,
Hafidh


Edmonton
16 Februari 2025

Hafidh,

Assalamu alaykum. Sote wazima, tunajitayarisha na Ramadhani, wiki mbili zimebaki. Mama ameshanituma Edgware Road mara mbili kumtafutia tende anazozitaka yeye, na mara zote mbili nimeleta sizo.

Aprili umeitaja wewe, kwa mkono wako. Nimewapigia hospitali, wamenipa tarehe 24 Aprili. Rajab atamleta Mama tarehe 21 kwa treni. Ngazi zenu atazipanda polepole, hata hapa anapanda. Begi lake ameshalipanga: kanga sita, tasbihi, na chupa ya mafuta ya nazi. Nimemwambia bado miezi miwili, akanijibu, "Miezi miwili si kitu kwangu, nimesubiri sita," nikamuuliza sita ipi, akasema miaka.

Nijibu kabla ya Idi.

Ummukulthum


Edinburgh
30 Aprili 2025

Dada Ummu,

Assalamu alaykum. Samahani kwa kuchelewa, kazi zimenizonga. Idi ilikuwa njema? Sisi tuliisali mvuani.

Kama nilivyodhani, Aprili imetuangusha. Theluji ilianguka tukidhani imekwisha, na upepo ulipindua mapipa ya taka mtaa mzima. Mei hapana, maana wanajenga kiunzi cha vyuma nje ya jengo letu, vumbi tupu. Juni na Julai huku jua halizami, saa nne ya usiku bado kweupe, Isha karibu na saa sita, mzee hatapata usingizi. Agosti ndiyo usiseme. Kuna matamasha, mji mzima umejaa wageni, barabara zinafungwa, mimi mwenyewe basi langu nalipitisha njia nisizozijua.

Septemba tutaona.

Hafidh


Edmonton
6 Mei 2025

Hafidh,

Salamu nimekupa juu ya bahasha, humu ndani sina.

Ulijua kuwa tarehe ilikuwa 24. Nilikuandikia, na umenijibu tarehe 30. Siku sita baada ya siku yangu ya kupasuliwa! Nilikaa na simu mkononi mpaka tarehe 22, nikawapigia hospitali kuwaambia siwezi kuja kwa kuwa sina pa kumweka mama yangu. Yule dada wa hospitali akaniuliza, "Huna ndugu?" Nikamwambia sina. Nimemwambia hivyo na sitaomba radhi.

Mama naye tarehe 21 alikuwa ameshavaa. Ameketi kitandani na buibui lake, begi miguuni, tangu asubuhi. Nimwambie nini? Nilimwambia treni zimegoma. Mimi, mtu mzima, namdanganya mama yangu kwa ajili yako.

Hebu tuhesabu pamoja. Januari kiza. Februari barafu. Machi Ramadhani. Aprili upepo. Mei vumbi. Juni na Julai jua limezidi. Agosti wageni. Septemba "tutaona". Umebakisha miezi mitatu, nayo yote ni baridi tena. Nimekwenda maktaba hapa Edmonton nikaazima kitabu cha wasafiri cha Skotland, Ibtisam akanisomea. Kinasema mwezi mzuri wa kwenda Edinburgh ni Mei, na Septemba pia. Kinasema Agosti ukate tiketi mapema. Kinasema Desemba siku ni fupi, uchukue koti. Kimetaja kila mtu, wazee, watoto, wenye mbwa. Hakuna pahala kilipoandika kwamba mama wa Hafidh asije.

Kwa hiyo si hali ya hewa. Usinifanye mpumbavu. Nambie ukweli, hata ukiwa mchafu. Kama ni mkeo hamtaki Mama, sema. Kama ni wewe, sema. Usiponijibu mwezi huu nitakuja mwenyewe na goti langu hili, nikae kwenye ngazi zenu za ghorofa tatu nipige kelele mpaka majirani wote watoke.

Ummukulthum


Edinburgh
3 Julai 2025

Dada,

Umetaka ukweli, haya uchukue.

Umeandika "kama ni mkeo hamtaki Mama." Noëlla ameisoma. Nilikuwa kazini, barua akaifungua yeye, na ana haki. Aliiweka juu ya meza, akaenda kulala saa kumi na mbili ya jioni.

Unajua Julai ile ilikuwaje? Hujui, maana hukuuliza. Noëlla ni Mkristo na anajua Mama aliniuliza nini siku nilipomwambia naoa: "Anakula nguruwe?" Ndilo neno la kwanza. Basi wiki moja kabla Mama hajaja, mke wangu alikwenda dukani akanunua masufuria mapya manne, visu vipya, mpaka ubao wa kukatia. Nyama ya nguruwe haijawahi kuingia humu ndani, lakini alisema hataki Mama awe na wasiwasi hata wa kijiko. Alichukua mabasi mawili kwenda kwa mchinjaji wa halali. Akampikia kisamvu kama wanavyokipika kwao Bukavu, na samaki wa kukaanga, na wali, kwa sababu nilimwambia Mama bila wali hajala.

Siku aliyofika Mama alisema amekula kwenye treni. Sawa. Kesho yake mchana, "Ahsante mwanangu, nimeshiba." Ameshiba nini? Jioni saa moja tumeketi mezani, siku hiyo nilibadilishana zamu ili niwepo, Mama akaangalia chakula akasema hana njaa, akaenda chumbani. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Hata chai hakuigusa, Dada, hata maji. Noëlla alipokwenda kumwaga taka akakuta kokwa za tende na makombo ya mkate wa boflo yamefungwa ndani ya karatasi, yamefichwa chini kabisa ya pipa. Mama anakula cha mkobani kwake, kwa kificho, chakula cha mke wangu kinamtia kinyaa. Noëlla alisimama na lile pipa akaniuliza, "Mimi ni mchafu, Hafidh?"

Siku ya tatu baada ya kufika, asubuhi, nilimpeleka Mama stesheni. Ndiyo, mimi. Nilimwambia, "Kama chakula cha nyumba hii hakikufai, na nyumba yenyewe haikufai." Alivaa buibui lake akakaa karibu na mlango kama mgeni anayesubiri teksi. Kwenye treni hakuniangalia.

Sasa umepata. Hakuna mwezi mzuri, Dada. Nitafutie mwezi ambao Mama atakula kwa mkono wa mke wangu, nitakuja London kumbeba mgongoni.

Hafidh


Edmonton
20 Julai 2025

Hafidh,

Nimesoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilitaka kuichana. Mara ya pili nilimkasirikia Mama kuliko nilivyokukasirikia wewe. Nikamkalisha sebuleni, nikamsomea yote sikioni kwa sauti, mpaka Parminder jirani yangu akagonga ukuta. Nikamuuliza, "Mama, hivi ndivyo ulivyomfanyia mtoto wa watu?"

Aliichukua barua mkononi mwangu akaikunja. Kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana alinifukuza."

Nisikilize vizuri, na umwite Noëlla naye asikilize. Unaikumbuka miaka ile kabla hujaoa, umehama vyumba vinne, unalala kwenye makochi ya watu, simu hupokei, sisi huku hatujui u hai au umekufa? Mama aliweka nadhiri. Alimwomba Mungu akupe mke na mlango wako mwenyewe, na akaahidi Mungu akijibu atafunga siku tatu ndani ya mlango huo huo. Si London wala msikitini, ndani ya nyumba yako. Ndiyo safari aliyokuja nayo. Alikuwa amefunga, Hafidh! Chai hakuigusa kwa sababu amefunga. Saa moja ya jioni mmemwekea chakula na jua bado liko juu ya paa, angekulaje?

Nikamwambia kwa nini hukusema, Mama, neno moja tu. Akanirukia. "Nadhiri ni yangu na Mola wangu! Nikasimame mbele ya mkwe nimtangazie kuwa nafunga kwa ajili yake? Si nitakuwa najionyesha?" Nikamuuliza na magharibi ikiingia? Akasema, "Jua la huko lina wazimu. Nimekaa dirishani nalisubiri mpaka karibu saa nne. Likizama, msichana keshalala, ana zamu ya alfajiri, Hafidh yuko kwenye basi." Siku uliyobadilisha zamu je? Alisema ulikuwa umekaa mbele ya televisheni umenuna, aliogopa kukupita. Na chakula si kilikuwa kwenye friji? Akanitazama kama nimekosa adabu. "Friji ya mke wa mtu niifungue bila kuambiwa? Mimi nimelelewa wapi?" Akala tende zake na boflo, akazificha kokwa, msije mkagundua.

Ulimtoa siku ya tatu, hajaimaliza. Siku moja imebaki. Ndiyo ile anayonidai kila mwaka kwa kuniuliza atakwenda lini kwa Hafidh, na mimi najibu tutaona, tutaona, kama wewe.

Sijui nianze na nani. Yeye kwa kiburi chake cha kufanya wema kwa siri. Wewe kwa kumpandisha mama yako treni bila kumuuliza swali moja. Noëlla nimemwandikia maneno machafu na simjui hata sauti yake vizuri. Na mimi mwenyewe: Mama aliporudi siku ya tatu nilifurahi, Hafidh. Nikasema moyoni, mnaona, kwake ni kwangu tu. Ndiyo maana sikuuliza zaidi. Hilo nalo nimeliandika, lisome.

Sasa kuhusu mwezi. Daktari wake anasema mwili wa umri ule siku ndefu hauwezi tena, akitaka kufunga iwe siku fupi, moja, na awe na mtu wa kumwangalia. Nikamsomea Mama na barua yako ya Februari, ile ya kiza na barafu. Nilipofika pale uliposema saa tisa na nusu jua linazama akanishika mkono. "Soma tena hapo." Nikasoma. Akasema, "Basi huo huo."

Hospitali wamenipa tarehe 4 Desemba. Rajab atamfikisha tarehe 2. Nunueni mchanga wa kumwaga kwenye barafu.

Ummukulthum


Edinburgh
14 Desemba 2025

Dada Ummu,

Assalamu alaykum. Nimefurahi kuisikia sauti yako kwenye simu, ijapokuwa ilikuwa imelewa dawa na ulinitukana mara mbili. Usianze kutembea bila gongo. Rajab ameniambia umejaribu.

Tangu Julai sikukuandikia kwa sababu sikuwa na la kuandika. Nilimsomea Noëlla barua yako yote. Alisema, "Aje," akanyamaza miezi minne. Mimi nilidhani atafurahi. Hakufurahi, alikasirika zaidi, sasa hana hata mtu mbaya wa kumchukia.

Mama alizipanda ngazi zetu kwa nusu saa, anapumzika kila ghorofa, kiti tunambebea nyuma. Siku za mwanzo alikula vizuri, kidogo kidogo, na Noëlla alimhudumia vizuri, na hapana aliyemwangalia mwenziwe usoni. Mimi katikati nasifia mchuzi. Jumatano jioni Mama akasema, mbele yetu sote, kwa sauti kama anamkaripia mtu, "Kesho nafunga. Nimesema, mmesikia?"

Alhamisi Noëlla hakwenda kazini. Alipanda juu ya kiti akatoa kwenye kabati ya juu yale masufuria manne. Sikujua kama bado tunayo. Yana vumbi, hayajaguswa na moto tangu Julai ile ya 2019, na moja halikutumika kabisa, karatasi ya dukani bado imebandikwa chini. Akayaosha. Mama yuko dirishani na tasbihi, harufu ya kisamvu imejaa nyumba, nje theluji imeanza. Saa nane na nusu taa za barabarani zikawaka. Saa tisa na dakika thelathini na nane simu yangu ikaadhini magharibi, watoto wa skuli wanapita chini na mikoba yao, mchana wa watu wengine bado.

Mama alikula tende tatu, akanywa maji, akasali. Kisha akaja mezani, akanawa, akala kwa mkono. Alimaliza sahani, akaisukuma mbele ya Noëlla aongezwe. Alipokuwa anaongezwa akasema, "Mara ile nilikuwa naisikia harufu hii mpaka chumbani. Nilifunga mlango nikaweka kanga puani, nisije nikaivunja nadhiri."

Noëlla akauweka upawa chini kwa kishindo. "Mama, miaka sita! Miaka sita najua unaniona mchafu. Ulishindwa kusema neno moja?"

"Na wewe ulishindwa kuniuliza moja?"

"Ningekuulizaje? Mama mkwe!"

"Na mimi ningesemaje? Mke wa mtu, nyumba yake!"

Wakagombana, Dada. Wakagombana vizuri, kwa sauti, Mama kwa Kipemba na Noëlla kwa Kiswahili cha kwao Bukavu, mpaka sufuria moja iliyobaki na karatasi yake chini ikaungua jikoni tukakimbia sote kufungua madirisha. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nimewasikia wakizungumza.

Niliomba radhi kwa ile asubuhi ya stesheni. Niliomba nimepiga magoti. Mama akasema atanisamehe, lakini bado amekasirika na hataki kuharakishwa, kwanza ale. Jana ameanza kufungua friji bila kuuliza. Noëlla analalamika kuwa maziwa yanakwisha, na nimemwona anacheka akilalamika.

Leo amemuuliza Mama mwakani angependa kuja mwezi gani, akamtajia na miezi ya jua. Mama akajibu, "Wowote. Nadhiri nimeimaliza, sasa nakuja kula tu."

Goti likipona, njoo na wewe. Usiniulize mwezi.

Mdogo wako,
Hafidh